Maji Chini ya Ukuta: Historia ya Nyumba na Vipenu vya Shinyanga na Geita

Aliye na karatasi hizi mkononi na afuate kwa macho. Asiye nazo na afuate kwa masikio. Somo la leo ni la historia, lakini hatutazungumza habari za vita wala za watemi. Twataka kujua historia ya ufa.

Ufa gani? Tazama nyumba za Shinyanga mjini, Kahama, Katoro au Geita. Nyingi zina kipenu ubavuni. Zamani kipenu kilikuwa cha ndama na kuni. Siku hizi huwekwa pikipiki, mkokoteni, bajaji, na kwa mwenye uwezo, gari. Ndipo huitwa banda la gari. Kipenu hiki ndicho kinachotangulia kuvuja, na ndicho kinachotangulia kuachana na nyumba. Utaona ufa umeshuka kutoka kwenye bati mpaka chini, pale pale ukuta mpya ulipogusana na ukuta wa zamani. Fundi huitwa, huziba kwa saruji, hupokea fedha yake, huenda zake. Masika ya pili ufa umerudi, tena mpana zaidi. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi naye huulaumu mchanga.

Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini methali haikutuambia ufa hutoka wapi, na mtu akiziba asichokijua atajenga ukuta vile vile. Basi turudi nyuma kidogo.

Nyumba ya zamani ya Msukuma ilikuwa ya mviringo, paa lake la nyasi limechongoka juu kama pia iliyopinduliwa. Ukifika Bujora, karibu na Kisesa katika Mkoa wa Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma, utaona mfano wake. Paa lilishuka chini sana, hata mtu mzima aliinama ili aingie. Vijana huona jambo hilo ni ushamba. Haukuwa ushamba. Upenu mrefu uliyaangusha maji mbali na mguu wa ukuta. Tena nyasi haziyamwagi maji kwa kishindo. Huyadondosha pole pole, pande zote za duara. Na duara halina pembe, nanyi mnajua kuwa ufa hupenda kuanzia penye pembe, ya nyumba au ya dirisha.

Sasa sikilizeni jambo kubwa kuliko hayo. Ukuta ule ulikuwa wa miti iliyosimamishwa ardhini, ikafungwa fito, kisha ikakandikwa udongo. Paa lilikaa juu ya miti. Udongo ukilowa ukaanguka, miti ilibaki imesimama, na paa lilibaki juu yake. Asubuhi watu walikanda udongo mwingine wakakandika tena. Nyumba ilivuja, ilichakaa, mchwa waliila, lakini haikuwa rahisi imwangukie aliyelala ndani.

Wazee walichagua pia mahali. Nchi ya Usukuma ni ya vilima na mabonde. Juu kwenye mteremko, karibu na mawe, kuna udongo wa kichanga ambao Wasukuma wauita luseni. Maji hupita upesi ndani yake. Chini bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wenye kunata. Udongo wa mbuga una tabia ya peke yake: ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka, na nyufa zake za kiangazi mtu aweza kutumbukiza fimbo. Kitu chochote kilichosimama juu yake huinuliwa masika na kushushwa kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Wazee walijenga juu kwenye luseni. Mbuga waliwaachia ng'ombe, na baadaye mpunga. Hawakuandika sheria hiyo mahali popote, lakini walikuwa nayo.

Nini kiliivunja desturi hiyo? Mambo yalikuwa mengi, na hayakuja siku moja.

Kwanza miti ilipungua. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwaongoza watu kufyeka mapori ya Shinyanga ili kuwafukuza mbung'o, waletao ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kituo kikuu cha utafiti wa mbung'o kilikuwa hapa hapa Shinyanga, chini ya Bwana Swynnerton, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o walirudi nyuma, na watu wakapata malisho na mashamba. Hilo lilikuwa jema. Lakini baada ya miaka mingi ya kufyeka, kulima pamba na kuongeza mifugo, mti mnyofu wa kujengea ukawa haba. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, na watu wakahimizwa kurudisha ngitili zao, zile sehemu za nyasi na miti zinazofungwa zisilishwe. Kazi ile ilisifiwa hata nchi za mbali. Lakini kwa wakati huo desturi ya kujenga kwa miti ilikuwa imekwisha kupungua sana. Watu walikuwa wamejifunza kufyatua matofali ya udongo na kuyaanika juani.

Mwaona mabadiliko hayo? Katika ukuta wa matofali mabichi hakuna miti ya kulibeba paa. Udongo wenyewe ndio unaolibeba. Ukilowa mguu wake, hakuna kingine cha kushika.

Jambo la pili ni bati. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga, na kwa reli hiyo vitu vizito viliweza kuja kutoka pwani. Hata hivyo wakulima wengi walianza kununua bati hasa katika miaka ya 1950, wakati pamba ilipoleta fedha. Wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunda vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation, ambayo kiongozi wake alikuwa Paul Bomani. Mkulima aliyeuza pamba yake vizuri alitaka baiskeli, cherehani na nyumba ya bati. Na bati halikai juu ya nyumba ya mviringo. Kwa hiyo nyumba ikawa ya pembe nne. Aliyewahi kufanya kazi Mwadui kwenye almasi, mgodi ulioanzishwa na Dakta Williamson mwaka 1940, au Geita kwenye dhahabu, mgodi uliofungwa mwaka 1966 na kufunguliwa upya mwaka 2000, aliona nyumba za wakubwa: kuta za saruji, mlizamu ukingoni mwa bati, banda la gari ubavuni. Akirudi kwao aliiga umbo. Msingi haukuigwa, kwa sababu msingi hauonekani.

Saruji nayo ilikuwa ghali. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza mwaka 1966, lakini kutoka huko mpaka Shinyanga ni karibu kilomita 1,000, na kila kilomita huongeza bei ya mfuko. Mtu mwenye fedha kidogo alinunua bati, akaacha saruji. Mimi siwezi kumlaumu. Bati huonekana na majirani, tena huzuia mvua usiku ule ule. Lakini tuchukue kalamu tuone bati limefanya nini.

Andikeni. Kipenu chenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 3 kina paa la mita za mraba 18. Mvua ikinyesha milimita 50, na masika yetu huweza kutoa mvua hiyo kwa alasiri moja, kila mita ya mraba hupokea lita 50. Zidisheni: 18 mara 50 ni lita 900. Debe moja ni lita 20. Gawanyeni: ni madebe 45. Sasa fikirini mtu aje nyumbani kwako na madebe 45 ya maji, ayamwage yote kwenye mstari mmoja wa mita 6, karibu na ukuta wako wa udongo. Ungemwita adui. Na hayo ni ya kipenu tu. Ikiwa paa la nyumba kubwa nalo linamimina maji yake juu ya paa la kipenu, hesabu huongezeka maradufu au zaidi.

Nyasi zilikuwa zikiyatawanya maji hayo. Bati huyakusanya na kuyatupa mahali pamoja, mvua baada ya mvua, mpaka yachimbe mfereji chini ya upenu. Katika mfereji ule maji hutuama, huingia chini ya msingi, na ukuta huanza kutitia. Kwa hiyo paa lilibadilika, lakini mguu wa ukuta ukaachwa kama ulivyokuwa.

Jambo la tatu ni mahali. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi hiyo imalizike mwaka 1976. Katika mkoa wa Shinyanga watu wengi walihamishwa mwaka 1974. Familia zilizokuwa zimetawanyika kila moja juu ya mteremko wake ziliwekwa kwa mistari, mara nyingi kando ya barabara. Vijiji vilirahisisha shule, zahanati na hata madarasa ya watu wazima kama hili. Lakini barabara haikupimwa kwa kufuata luseni. Wako waliopewa kiwanja mbugani, na walijenga kwa haraka, kwa maana mvua ilikuwa yakaribia na nyumba ya zamani imekwisha kubomolewa. Baadaye wengine walirudi kwenye mahame yao, na wengine wakabaki. Miji yetu iliyokua kwa haraka nayo imefanya vivyo hivyo: kiwanja cha bei nafuu aghalabu ni kile cha bondeni.

Haya si mambo ya kuharibu rangi ya ukuta tu. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, katika kijiji cha Mwakata, Wilaya ya Kahama, ilinyesha mvua kubwa ya mawe na upepo. Nyumba za udongo zilianguka juu ya watu waliokuwa wamelala. Walikufa watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto wengi, na mamia ya wengine wakakosa mahali pa kukaa. Rais Kikwete alikwenda huko kuwapa pole. Mvua ile haikuwa ya kawaida, na hakuna mtu aliyeweza kuizuia. Lakini kumbukeni nyumba ya miti tuliyoisema mwanzo, ambayo udongo wake uliweza kuanguka na paa likabaki juu.

Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na maji mengine, yasiyotoka mbinguni. Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mpaka Kahama na Shinyanga. Wenyeji wa Shinyanga mnajua kiu tuliyokuwa nayo. Akina mama walitoka alfajiri wakarudi adhuhuri na ndoo moja. Mradi ule ni neema. Lakini sasa kuna mabomba chini ya nyua zetu, na bomba likivuja chini ya ardhi halingoji masika. Hulowesha mguu wa ukuta mwaka mzima, usiku na mchana, wala hakuna anayelisikia.

Basi sasa twaweza kurudi kwenye kile kipenu chenye ufa. Usiuzibe kwanza, usome kama unavyosoma herufi.

Chukua kalamu ya risasi. Pale ufa unapoishia, juu na chini, piga kistari, uandike tarehe kando yake. Pima upana wake kwa rula, uuandike ukutani. Fanya hivyo kila mwezi, angalau kuanzia kiangazi mpaka masika yaishe. Ufa unaopanuka kiangazi na kujifumba masika, huo aghalabu ni wa udongo wa mbuga. Unaopanuka masika tu, na chini yake kuna mfereji wa maji ya bati, huo ni wa mguu uliolika. Na ikiwa ukuta una unyevu chini hata mwezi wa Agosti, shuku bomba. Usiku funga mabomba yote, soma tarakimu za mita ya maji na uziandike. Asubuhi, kabla mtu hajafungua bomba, zisome tena. Zikiwa zimesogea, maji yanapita mahali msipopajua. Ndugu mmoja anaweza kusema hana haja ya kusoma. Mita hiyo ndiyo jibu lake.

Ukishajua, anza na maji, ukuta baadaye. Weka mlizamu ukingoni mwa bati la kipenu, uyapeleke maji kwenye pipa au tangi. Shinyanga si nchi ya kumwaga madebe 45. Kama huna fedha ya mlizamu, chimba mtaro wenye mteremko, hatua mbili kutoka ukutani, uujaze kokoto. Mguu wa ukuta uzungushie sakafu nyembamba ya saruji au ya changarawe iliyoshindiliwa, iinamie nje.

Kisha tazama pale paa la kipenu linapokutana na ukuta wa nyumba kubwa. Hapo ndipo maji huingilia, na mafundi wengi hupaka saruji kidogo tu wakaondoka. Saruji ile hupasuka kwa jua la mwaka wa kwanza. Njia iliyo bora ni kuchimba mfuo ukutani juu kidogo ya paa, kuingiza ukingo wa kipande cha bati ndani ya mfuo huo, kukikunja kikaja juu ya bati la kipenu, ndipo kuziba mfuo. Angalia pia misumari: ipigwe penye mgongo wa bati, wala si penye bonde, kwa maana bondeni ndimo maji yapitamo.

Juu ya kuta zenyewe, nina shauri ambalo mafundi wengine hawatalipenda. Usipige lipu ya saruji nzito juu ya ukuta wa udongo mbichi ukadhani umeuponya. Saruji ni ngumu, udongo ni laini. Havitanuki wala kusinyaa pamoja. Maji yakipata tundu moja dogo huingia nyuma ya lipu yasipate pa kutokea, na ndani udongo huwa uji huku nje ukuta waonekana mzuri. Ukuta wa udongo uliokandikwa udongo ni mnyonge, lakini waonyesha ugonjwa wake mapema.

Anayejenga upya ana bahati zaidi. Msingi wa kipenu uwe na kina kile kile cha msingi wa nyumba. Wengi huchimba shubiri moja wakisema ni banda tu, kisha banda hutitia peke yake na kujing'oa. Acha nafasi ya unene wa dole gumba kati ya kuta mbili, zisogee kila moja kwa wakati wake, na nafasi hiyo uifunike kwa bati. Kitengo cha serikali cha utafiti wa nyumba, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1971 na kufanywa wakala mwaka 2001, kilifundisha kushindilia udongo uliochanganywa na saruji kidogo katika mashine ya mkono, ukawa tofali lenye kufungamana na mwenzake. Haliyeyuki kwa mvua kama tofali bichi, wala halihitaji kuni kama tofali la kuchoma, na kuni kwetu ni taabu.

Neno moja kwa wenzetu wa Geita, na kwa wote wanaokaa karibu na migodi. Mara nyingi wananchi wamelalamika kwamba milipuko ya kupasua miamba inazipasua nyumba zao. Wakaguzi wakija huuliza: ufa huu ulikuwapo lini? Mtu asiye na maandishi hujibu kwa uchungu tu, na uchungu haupimwi kwa rula. Aliyeandika ukutani na katika daftari tarehe, upana, siku ya mvua na siku ya mlipuko, ana kitu cha kuweka mezani. Pengine ufa ni wa maji, pengine ni wa mlipuko, pengine ni wa vyote viwili. Daftari ndilo litakalosaidia kuutenga mmoja na mwingine.

Kazi ya darasa kabla ya somo lijalo: kila mmoja apime urefu na upana wa paa moja la nyumbani kwake, aandike ni madebe mangapi litatoa kwa mvua ya milimita 50, na achore mahali maji hayo yanapoangukia. Wazee waulizwe nyumba ya babu yao ilisimama wapi, kwenye luseni au mbugani, na ilihamishwa mwaka gani. Kiongozi wa kikundi ayaandike majibu ubaoni, jina la kijiji kwanza.